Mvulana Mwenye Mvi

Wiki iliyopita msichana wa afya wa kijiji chetu alikuja kumtazama kitukuu wangu, mtoto ambaye hata jina lilikuwa halijamkaa vizuri. Alikuja kwa miguu, mfuko begani, viatu vimejaa tope jekundu la shamba la chai. Ni binti wa wafanyabiashara waliotoka Ukikuyuni na kufungua duka hapa, na Kikipsigis chake kinapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Kabla hajaingia ndani aliomba maji, akatoa kipande cha sabuni nyekundu ya dawa, akanawa mpaka kwenye viwiko. Kisha akasimama mlangoni na kuuliza, "Mzee, hapa nani ananikaribisha?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu karibu na ukuta. Harufu ya ile sabuni ilinifikia kabla sijafungua mdomo, na moyo ukaanza kunidunda vibaya. Wajukuu walidhani nimezidiwa, wakataka kunilaza. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimerudi utotoni, nimesimama nje ya nyumba ya mama yangu, nikiogopa kwamba mtu fulani hatakuja, na nikiogopa vilevile kwamba atakuja.

Nyinyi wa rika langu mliobaki mnakumbuka nchi hii ilivyokuwa. Chai ilikuwa bado changa, inafika magotini, na misitu ilikuwa ikikatwa kila siku mpaka ukungu wa asubuhi ukakosa mahali pa kulala. Boma letu lilikuwa kando ya shamba, upande huu wa kijito. Ng'ambo ndiko zilikokuwa laini za wafanyakazi, vibanda vilivyopangwa kama meno, na humo waliishi Wajaluo, Wakisii, Wakikuyu wachache wa ofisini na dukani, na vijana wetu waliokuwa wakifyeka msitu. Baba yangu alikuwa mwendesha gari la ng'ombe. Alibeba kuni, mawe na magunia, na jioni alirudi nyumbani na habari za ng'ambo kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

Habari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya dresa. Ndivyo tulivyomwita mtu aliyefunga vidonda, aliyegawa dawa ya homa, na aliyezunguka nyumba hadi nyumba akiuliza nani ameamka vibaya. Jina lake lilikuwa Barnaba, lakini ndimi zetu zilimfanya Parnapa, na yeye aliitikia. Alikuwa Mjaluo wa kutoka ziwani, mrefu, amevaa koti la kaki lililofifia, na nywele za kando ya masikio zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Meno ya mbele ya chini hakuwa nayo, kama ilivyokuwa desturi ya kwao, kwa hiyo akicheka mdomo wake ulionekana una mlango. Alikuwa na mke na watoto huko kwao.

Alianza vibaya kwetu. Mnajua kwamba salamu ya wanaume na salamu ya wanawake ni mbili. Yeye alijifunza kwanza ile ya wanawake, takwenya, kwa sababu wanawake ndio waliompelekea watoto. Basi asubuhi moja akawapita wanaume waliokuwa wakipakia magari, akavua kofia na kuwasalimu wote, takwenya, takwenya, na tabasamu lake la mlango wazi. Baba alisimulia habari hiyo nyumbani huku akijishika mbavu. Alisema hata salamu za mtu huyu ni za mtoto aliyelelewa jikoni.

Lakini hilo halikuwa neno kubwa. Neno kubwa ni kwamba Barnaba hakutahiriwa. Watu wa ziwani hawakuwa na desturi hiyo, na kwetu, wakati ule, mwanamume asiyetahiriwa alikuwa mvulana, hata akiwa na mvi, hata akiwa na watoto wanaochunga. Mvulana hawezi kukaa na wazee. Mvulana hawezi kumwambia mama wa watu afanye nini na mtoto wake. Jioni, baba na jirani yetu Arap Tonui walipokaa kwenye jua la mwisho, walikuwa wakisema, "Mvulana wa laini amepita leo? Amewaagiza nini?" na Tonui alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Ng'ambo, Barnaba alikuwa na taabu za kila namna. Nilikuwa nikivuka kijito kucheza na mtoto mmoja wa Kijaluo aliyeitwa Ouma, na huko ndiko nilikookota Kiswahili, kwa hiyo nilimwona kazini. Kwa Wakisii alikaa chini kwanza, akauliza habari za nyumbani kwao mmoja mmoja, ndipo akauliza habari za tumbo. Kwa mke wa karani Mkikuyu alisubiri nje mpaka karani arudi, hata jua likimchoma. Kwa Wajaluo wenzake ndiko alikosumbuka zaidi. Wao walimwona mtoto wa nyumbani anayejifanya mzungu, na akina mama walimwuliza mbele ya watu kama mama yake mzazi anajua kwamba siku hizi yeye hukagua vyoo. Alicheka nao, kisha akakagua vyoo. Sikuwahi kumwona akipita mlango bila kuuliza kwanza mlango huo unapitwaje.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Siku moja watoto wa laini na sisi wa kando tulipangwa mstari mbele ya kibanda cha dawa. Barnaba alinawa mikono kwa sabuni nyekundu, akawa anatulaza mmoja mmoja kwenye benchi, anatufunua shati au vazi la ngozi, na kubonyeza tumbo kwa vidole vyake virefu, chini ya mbavu za kushoto. Alibonyeza huku ametazama pembeni, kama mtu anayesikiliza. Wengine aliwaachia waende. Wengine aliwatia alama ya dawa ya zambarau kwenye kiganja na kuwaambia wakae kando. Mimi alinibonyeza, akarudia, akaguna kidogo, akanitia alama. Ouma naye alitiwa alama.

Mtoto wa Kijaluo angefikiri nini sijui. Mimi nilikuwa mtoto wa Kipsigis, na nilijua vizuri sana kinachotafutwa tumboni. Kila baba alipotaka kusafiri, au ndoa ilipozungumzwa, mbuzi alichinjwa na wazee waliyatandaza matumbo yake juu ya majani. Waliinama, wakaonyeshana mistari na madoa kwa ncha ya fimbo, na humo walisoma safari, ugonjwa na kaburi. Nilikuwa nimewahi kumwona baba akiyatazama matumbo na kunyamaza, na safari ikaachwa. Basi nilielewa mara moja. Mtu huyu alikuwa na ujuzi uleule, ila yeye aliweza kusoma bila kuchinja. Na alikuwa amesoma kitu kwangu, akaguna.

Sikupata usingizi mwema tena. Niliisugua ile alama kwa majivu, kwa mchanga, kwa jani la msasa, nayo ikakaa. Tulipewa maji machungu ya kunywa, nikayanywa kama mtu anayekunywa baada ya hukumu. Kisha, kabla alama haijafutika, Ouma alipatwa na homa na akafa. Nilisikia kilio chao kikivuka kijito asubuhi, wakati nikiwatoa ndama. Niliutazama mkono wangu. Mimi ndiye ninayefuata, nikasema moyoni.

Nilimwambia mama. Nilimweleza yote, jinsi mtu yule anavyogusa, anavyosikiliza, anavyoguna, na jinsi Ouma alivyotiwa alama. Mama alikuwa na mimba wakati huo. Kabla ya hapo alikuwa akivuka kijito kwenda kuchukua dawa ya homa kwa Barnaba, baba asijue au ajifanye hajui, na homa zake zilikuwa zimepungua. Siku ile aliweka mkono juu ya tumbo lake, kama kulifunika, na hakuvuka tena. Aliwaambia wanawake wenzake kisimani, nao wakawafungia watoto wao. Maneno ya mtoto mmoja mwoga yalitembea ukingo wote wa kijito kwa muda mfupi kuliko dawa yoyote ilivyowahi kutembea. Niliposikia wanawake wakiyarudia, nilijiona nimeokoa watu.

Homa ya mama ilirudi na mvua. Ilikuja na kwenda, na kila ilipokwenda iliondoka na sehemu yake, mpaka mifupa ya mabega ikaonekana kupitia ngozi. Alijifungua mtoto wa kike mikononi mwa nyanya yangu, mama yake baba, tuliyemwita Kogo. Kogo ndiye aliyekuwa mkunga wa ukingo wetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye sikio lililotobolewa mpaka likagusa bega, na mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watu niliowafahamu. Kujifungua kwenyewe kulikwenda vizuri. Lakini siku iliyofuata mama alianza kutetemeka mpaka kitanda cha fito kikawa kinalia, na baadaye akaanza kuzungumza na dada yake wa Ndanai, ambaye alikuwa amekufa zamani.

Kogo alimfunika ngozi, akaongeza moto, akampa dawa ya mizizi. Ilipofika asubuhi alitoka nje, akanitazama muda mrefu. "Wewe unajua Kiswahili," akasema. "Vuka, kamwite yule wa laini. Mwambie aje na dawa yake ya homa."

Ndugu zangu, nilikwenda. Sikukawia njiani, hilo naweza kusema bila haya. Lakini miguu ilikuwa ikikimbia na moyo ukirudi nyuma. Kama asingekuja, mama angekufa kwa homa. Kama angekuja, angeweka mkono juu ya tumbo lake na kusikiliza, na mimi ningesimama pale nikingoja kusikia kama ataguna.

Barnaba alinisikiliza huku akinawa. Hakuuliza kwa nini mama aliacha kuja. Alichukua mfuko wake wa turubai na tukashuka kijito pamoja, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, naye akiuliza maneno mafupi kwa sauti ya chini: anakojoa? anamtambua mtu? mtoto ananyonya?

Kwenye lango la boma tulimkuta baba na Arap Tonui. Baba hakuwa amevuka kizingiti cha nyumba ile tangu mama alipoanza uchungu, na hakutakiwa kuvuka mpaka siku zake zitimie. Nyumba ya mwanamke aliyetoka kuzaa haikuingiwa na mwanamume. Aliyeingia alijiharibia uanaume wake na kuiletea nyumba balaa. Barnaba alijua hayo, kwa maana hakujaribu hata kukanyaga upande wa mlango. Alitoa chupa ya maji machungu, akamweleza Kogo kupitia kwangu ni kiasi gani, na Kogo akaingia nayo. Kwetu mwanamke aliyejifungua hashiki chakula kwa mkono, kwa hiyo Kogo alimnywesha kwa kibuyu kidogo. Tulisikia mama akikohoa, kisha tukasikia akiyatapika yote. Kogo alijaribu tena. Yakarudi tena.

Barnaba alikaa juu ya jiwe, akaukagua mfuko wake bila kutoa kitu. Kisha akaniambia, "Mwambie bibi mzee kwamba dawa ya kunywa haitakaa. Imebaki sindano. Sindano siwezi kumpa mtu mwingine aichome. Lazima niingie mwenyewe."

Nilitafsiri. Arap Tonui alitema mate. Baba alisema hapana, si kwa ukali, bali kama mtu anayesema jambo ambalo si lake kulibadilisha. Juu ya msitu mawingu yalikuwa yameanza kuwa meusi kwa chini, yale ya mvua ya mawe.

Ndipo Kogo alipotoka, akasimama mlangoni, mikono yote miwili kwenye mihimili. "Mnangoja nini?"

"Mama," baba akasema, "mwanamume haingii humo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Mwanamume yupi?"

Baba alimwonyesha Barnaba kwa kidevu.

"Huyu?" Kogo akasema. "Tangu mvua za kwanza nakusikia ukimwita mvulana. Umekaa palepale ulipo, na Tonui anacheka mpaka anakohoa. Wavulana wanaingia nyumba hii kila siku. Huyu mwanao anaingia. Leo, mkeo anakufa, ndipo mmemfanya mwanamume?"

Kogo akanigeukia. "Muulize kama ametahiriwa."

Niliona aibu ambayo mpaka leo naikumbuka masikioni, moto wake. Kumwuliza mtu mwenye mvi jambo kama hilo, mbele ya watu waliomdhihaki. Nilimwuliza huku nikitazama viatu vyake. Barnaba akajibu, "Mwambie hapana. Kwetu hatufanyi hivyo."

"Basi muulize, hapa kwetu yeye ni nani."

Nadhani wakati huo ndipo alipoelewa anapelekwa wapi. Aliwatazama wanaume wawili, kwanza Tonui, kisha baba. Alikuwa mkubwa kuliko baba kwa umri. Alikuwa na wana huko kwao ambao wangeweza kuoa. Alivua kofia yake, na bila kunisubiri nitafsiri, akasema kwa lugha yetu, kwa ulimi wake wa ziwani, "Mimi ni mvulana."

Hakuna aliyecheka. Hata Tonui aliangalia ng'ombe.

"Na wewe," Kogo akamwambia baba. "Nyumba ni yako. Sema."

Ndani mama alikuwa akimwita dada yake arudishe kibuyu. Jiwe la kwanza la mvua liligonga paa, kisha la pili, na baba akasema, kama mtu anayenyanyua gogo lililomzidi, "Ni mvulana. Aingie."

Barnaba alinawa mikono mlangoni kwa sabuni yake nyekundu, Kogo akimmiminia maji, kisha Kogo naye akanyoosha mikono yake anawishwe. Barnaba akainama, akaingia. Mimi nikaingia nyuma yake, kwa sababu nilikuwa mvulana na kwa sababu nilikuwa ulimi wao. Ndani moshi ulikuwa mzito, na mvua ya mawe ilikuwa ikipiga nyasi za paa kwa kishindo kikubwa hivi kwamba ilinibidi kupiga kelele ndipo wasikilizane. Aliomba moto upunguzwe. Aliomba ngozi ziondolewe isipokuwa moja. Kogo alikunja uso, kwa maana hayo yalikuwa kinyume cha kazi yake ya maisha, lakini akafanya. Sindano ilichemshwa kwenye chungu cha Kogo mwenyewe. Kogo alifunua sehemu ndogo tu ya paja, akailinda kwa mikono yake pande zote, na dawa ikaingia.

Kisha Barnaba akanyoosha mkono kuelekea tumbo la mama.

Sijui nilisema nini. Najua kwamba nilimshika koti na kulivuta, na kwamba nilikuwa nikilia na kumwambia asimsome, asimsome mama, achague kunisoma mimi, mimi tayari nina alama. Kogo aliniamuru ninyamaze. Barnaba aliuacha mkono hewani. "Unasema nisimsome?" akauliza. "Nisome nini?"

Nikamwambia. Mbuzi, matumbo, mistari na madoa. Ouma. Kwa nini mama aliacha kuvuka kijito. Nilimwambia yote pale, kwa Kiswahili changu cha laini, kelele za mvua zikitumeza.

Aliketi chini. Akaushika mkono wangu, akauweka chini ya mbavu zangu mwenyewe, upande wa kushoto, akaubonyeza kwa mkono wake. "Unasikia ukingo hapo? Mgumu?" Nikasikia. "Hiyo ni bandama. Kila mtu anayo. Homa ikikaa sana mwilini inavimba, kama kiwele cha ng'ombe ambaye hajakamuliwa. Ukinywa dawa inarudi ndani. Yako ilikuwa kubwa kuliko hivi. Ninayotafuta ni hiyo tu."

"Na Ouma?"

"Ouma alikunywa mara moja. Mama yake akaona uchungu wake, akamhurumia." Aliufuta uso kwa mkono wa koti. "Ningekuwa najua kusoma yanayokuja, kijana, ningelala mlangoni kwao."

Baadaye akasema, kama anayejisemea, kwamba kosa ni lake, kwa kuwa alishika matumbo ya watu bila kuwaambia anashika nini. Nimelifikiria neno hilo maisha yangu yote. Alijitwisha lake, lakini langu halikupungua kwa hilo. Ni mimi niliyeyaanzisha maneno ya kisimani.

Tulingoja. Kogo alimshika mtoto mchanga na kumdondoshea maziwa kwa kidole chake kilichonawishwa. Barnaba alimkanda mama kwa kitambaa chenye maji, uso na shingo, na kila mara alipotaka kugusa mahali papya alimtazama Kogo kwanza. Mvua ya mawe ilikwisha, na baridi yake ikaingia chini ya mlango. Mama alitetemeka, akatulia, akatetemeka. Wakati mmoja alitulia kwa namna ambayo Kogo alisimama ghafla na Barnaba akaweka sikio kifuani mwake. Nje nilisikia baba akitembea, kutoka lango mpaka zizi, na kurudi, akikanyaga mawe ya barafu.

Mchana ukiwa unaelekea kwisha, jasho lilimtoka mama usoni kama umande, akafungua macho. Alimtazama Barnaba bila woga, kwa mshangao mchovu tu. "Huyu ni nani?" akauliza.

"Mvulana wa jirani," Kogo akasema. "Lala."

Barnaba alirudi siku zilizofuata na sindano yake. Kila mara alisimama mlangoni na kusema kwa lugha yetu, "Ni mvulana," na Kogo akajibu, "Ingia." Wanawake walisikia. Mwanzoni walicheka nyuma ya mikono, kisha wakaanza kumtuma mtu. Haukupita muda, Barnaba akawa akiitwa kwenye nyumba za uzazi za ukingo wetu wote, na siku moja mtu alitembea kutoka upande wa Sigowet kuja kumwuliza Kogo kama ni kweli kuna mvulana mwenye mvi. Wawili hao walikwenda pamoja, yeye na mfuko wake, Kogo na kibuyu chake na kipande cha sabuni nyekundu alichokificha kwenye nyasi za paa, mahali alipoficha vitu vya thamani. Walibishana kuhusu moto na moshi mpaka Kogo alipokufa. Baba hakumwita tena Barnaba mvulana alipokuwa amekaa na Tonui. Tonui alipolisema, baba alinyamaza, na mzaha ukafa wenyewe.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka ilipita. Nilitahiriwa, nikatoka nyumba ya jando nimejaa majivuno kama wote tulivyokuwa. Mama alikuwa karibu kumzaa kitinda mimba wake, na homa ilikuwa imeanza tena kumtembelea. Asubuhi moja baba aliniambia twende wote ng'ambo. Tulimkuta Barnaba kwenye veranda ya kibanda cha dawa, kichwa sasa kimekuwa cheupe chote, akipanga chupa. Aliponiona alifurahi, akaniita kwa jina langu la utotoni, akaniuliza bandama yangu haijambo. Kulikuwa na vijana wa rika langu karibu, wanasubiri kufungwa vidonda vya mapanga. Niligeuza uso. Nilitazama chai. Sikutaka waone kwamba mtu asiyetahiriwa anaweza kuniita kwa jina lile na mimi nikaitika.

Barnaba alirudi kwenye chupa zake. Lakini baba alikuwa ameona. Alivua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya mtu mweusi, akainamisha kichwa.

"Mzee," akasema, "nyumbani wanamtaka mvulana."

Barnaba alicheka, mlango wa mdomo wake ukafunguka. "Yupo," akasema. "Ngoja kwanza anawe mikono."

Akaenda kwenye beseni. Harufu ya sabuni ikatufikia sote. Mfuko wake wa turubai ulikuwa chini, karibu kabisa na miguu yangu, na wale vijana walikuwa wakinitazama nitafanya nini. Sikuinama. Baba ndiye aliyeinama, akauchukua, akautundika begani mwake, akatangulia kushuka kijito.